Mwamba Umefungwa na Nani?

Leo nataka tuzungumzie bahari, na hasa jambo lililoenea katika vijiji vingi vya pwani yetu: wanakijiji kukubaliana kuufunga mwamba kwa muda, asivue mtu, mpaka siku waliyoiweka ifike.

Nitaanza na shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mchokoaji wa pweza. Hakuwa na chombo, hakuwa na wavu, wala hakuwahi kuandikwa popote kuwa ni mvuvi. Kalenda yake ilikuwa mwezi wa angani. Ukiandama, na tena ukitimia siku kumi na nne, kumi na tano, alijua bamvua limeingia, na kwamba kwenye saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa mwamba wote uko wazi. Alijifunga kibwebwe, akavaa raba zake kuukuu, akachukua mchokoo na pakacha, huyo akashuka. Siku za maji mafu alikaa nyumbani akisuka ukili.

Nilimfuata mara nyingi utotoni. Alinifunza kutazama chini ya miguu yangu. Nyumba ya pweza, aliniambia, huwezi kuitambua kwa tundu lake, kwa maana mwamba mzima una matundu. Unaitambua kwa ua wake. Pweza akishakula hutupa nje maganda ya kaa na chaza, na vijiwe huvisogeza mlangoni akajikinga navyo. Ukiona maganda mapya yamelala mahali pamoja, na kijiwe kimegeuzwa upande usioota mwani, basi mwenyewe yumo. Hapo shangazi alichutama, akaingiza mchokoo polepole, akauchezesha. Pweza akaukumbatia. Ukivuta kwa pupa anajibana ndani, nawe utatoka na mkono mmoja tu. Shangazi alikuwa akivuta kidogo, analegeza, anavuta tena, mpaka kichwa kitokeze. Akamshika, akamgeuza kichwa ndani nje kama mtu anayegeuza foronya, na wino ukamtapakaa mikononi. Jiwe halikuvunjwa. Nyumba ilibaki, na bamvua lijalo huenda pweza mwingine amehamia.

Jioni moja, miaka mingi baadaye, shangazi amekaa barazani anachambua mchele, akapita kijana wa kamati ya uvuvi akamwambia, "Bi mkubwa, kuanzia kesho mwamba umefungwa. Miezi mitatu." Shangazi hakuinua uso. Aliuliza, "Umefungwa na nani?" Kijana akajibu, "Na kijiji." Shangazi akauliza tena, "Kwani mimi naishi wapi?"

Swali hilo limenikaa moyoni, na mazungumzo yangu ya leo yote yanalizunguka.

Niseme mapema ninaposimama. Naunga mkono kufunga mwamba. Nimeona mwamba uliovuliwa mpaka ukawa kama uwanja uliofagiliwa, na nimewaona kina mama wakirudi baada ya saa tatu za jua na pweza wawili wadogo, kila mmoja hazidi ngumi ya mtoto. Asiyetaka mabadiliko katika hali hiyo hajaishi pwani. Lakini kuna kufunga kunakoshikika, na kuna kufunga kunakozaa chuki na wizi wa usiku. Tofauti ya hayo mawili iko katika jibu la swali la shangazi.

Kwanza tumwelewe pweza mwenyewe, maana ndiye aliyeifanya kazi hii iwezekane. Pweza wa miamba yetu ana maisha mafupi, mwaka mmoja hivi, au mwaka na miezi kadhaa. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake. Akishataga hujifungia ndani ya tundu akiyalinda mayai, huyapepea kwa maji ili yapate hewa, hali chakula, na yakishaanguliwa naye hufa. Na kwa kuwa maisha yake ni mafupi, hukua kwa kasi ya ajabu. Pweza mdogo akiachwa mwezi mmoja tu huweza kuongezeka uzito mara mbili. Kwa hiyo kijiji kikifunga mwamba miezi miwili, mitatu, watu hawahitaji kuamini maneno ya mtaalamu yeyote. Siku ya kufungua wanakwenda kujionea wenyewe, na mizani inasema. Samaki kama changu au chewa hawezi kukupa jibu la haraka namna hiyo. Chewa anahitaji miaka.

Waliolithibitisha jambo hili mapema ni jirani zetu wa ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji. Kusini magharibi mwa Madagaska wanaishi Wavezo, watu wa bahari hasa, wanaosafiri kwa mitumbwi ya ndubi inayofanana na ngalawa zetu. Katika kijiji cha Andavadoaka wanawake na watoto walikuwa wakichokoa pweza tangu zamani, kwa kitoweo na kwa kubadilishana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za kununua pweza kwa ajili ya masoko ya Ulaya zikafika kwenye vijiji vile. Pweza akawa fedha taslimu. Wanaume nao wakaingia, na haikuchukua muda wazee wakaanza kusema pweza wamepungua na wamekuwa wadogo.

Mwishoni mwa mwaka 2004, wanakijiji wakishirikiana na shirika la Blue Ventures, walikubaliana kufunga sehemu moja tu ya mwamba, penye kisiwa kidogo cha mchanga kinachoitwa Nosy Fasy. Walifunga kwa takriban miezi saba. Ilipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa kiasi kwamba vijiji jirani vilikuja kuuliza, na baadaye vikafunga vya kwao. Mwaka 2006 vijiji zaidi ya 20 viliungana vikaiita sehemu yao ya bahari Velondriake, jina ambalo kwa Kivezo lina maana ya kuishi pamoja na bahari. Serikali ya Madagaska nayo ilikuwa imekwisha kuweka msimu wa kitaifa wa kupumzisha pweza, wiki sita kuanzia katikati ya Desemba, na kupiga marufuku pweza wa chini ya gramu 350.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia ufungaji 36 uliofanyika huko katika muda wa miaka minane. Ulionyesha kuwa katika mwezi unaofuata kufunguliwa, pweza waliotolewa kwenye sehemu zilizofungwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Tarakimu hiyo ni tamu, na wahisani wengi wanapenda kuitaja. Lakini naomba tuisogelee, kwa sababu utafiti huohuo una tarakimu ya pili: kilo za pweza anazopata mvuvi mmoja kwa siku moja ziliongezeka kwa karibu asilimia 90. Mbona ya kwanza ni kubwa hivyo na ya pili ni ndogo kuliko hiyo? Kwa sababu siku ya kufungua watu huja wengi. Wanatoka kijiji hiki na kile, na mavuno ya miezi mitatu yanagawanywa kwa mikono mingi ndani ya siku chache. Asilimia 90 bado ni neema kubwa, tusiidharau, karibu mara mbili ya kawaida. Ila ndiyo tarakimu inayofika jikoni, na ndiyo ambayo mwenyekiti wa kamati anapaswa kuitaja anapowaomba watu waache kuvua.

Jambo la pili katika habari za Velondriake, ambalo kwetu husahauliwa mno, ni ukubwa wa sehemu inayofungwa. Kwa kawaida kijiji kilifunga kama sehemu moja kwa tano ya miamba yake, kikaacha sehemu nne wazi. Ndiyo maana watafiti hawakukuta vijiji vikiporomoka kipato wakati wa kufunga. Watu waliendelea kuvua kwingine.

Sasa tulete hesabu hii nyumbani. Ufungaji wa pweza umevuka bahari ukafika kwetu. Kisiwa Panza kule Pemba wamefunga, Songosongo kule Kilwa wamefunga, na vijiji vingine vya Unguja, Pemba na Mafia vimefuata. Naheshimu sana kazi hiyo. Lakini chukua kijiji chochote cha pwani ukakitazame mwamba wake. Kuna sehemu inayofikika kwa mguu maji yakipwa, na kuna sehemu ya nje, ukingoni mwa kina, isiyofikika ila kwa chombo na miwani ya kupigia mbizi. Ya kwanza ni ya kina mama, wazee na watoto. Ya pili ni ya vijana wazamiaji. Kwenye ramani zote ni mwamba mmoja. Ukiwaambia watu, "Tunafunga robo tu," halafu robo hiyo ikawa yote ni ile inayotembelewa kwa mguu, kwa sababu iko karibu na ni rahisi kuilinda kwa macho kutoka ufukweni, basi umefunga robo ya mwamba na umewafunga wanawake wote.

Tena angalia muda. Miezi mitatu ni bamvua sita. Kila bamvua lina siku nne au tano nzuri za kushuka. Yaani mwanamke mmoja anaombwa aache siku 24 mpaka 30 za kazi. Mzamiaji mwenye chombo, mwamba wa ndani ukifungwa, anasogea mbele akapige mbizi kwingine. Mwanamke wa mchokoo hana kwa kusogea. Na pweza wake mmoja haendi mnadani mzima. Mkono mmoja unakatwa kwa ajili ya mchuzi wa nazi, mwingine unakwenda kwa jirani aliyejifungua, na kilichobaki kinauzwa ndipo sukari na mafuta ya taa vinanunuliwa. Kipato hicho hakimo kwenye daftari la mtu yeyote. Ndiyo maana kwenye mkutano ni rahisi kusema hakuna atakayeumia.

Na mkutano wenyewe unaitwa saa ngapi? Nimehudhuria mingi kwa kazi yangu hii. Huitwa baada ya sala ya alasiri, karibu na bandari au chini ya mwembe ambako wanaume hukaa kusubiri vyombo. Saa hizo mwanamke yuko kisimani au amewasha moto. Akija, anakaa nyuma. Mahudhurio huandikwa, wanawake saba, wanaume arobaini na wawili, na karatasi inasema jamii imeshirikishwa. Wale saba, ukiwauliza njiani wakirudi, watakwambia walikwenda kusikiliza. Hakuna aliyewatukana wala kuwazuia kusema. Desturi iliwazuia, na anayeitisha mkutano anaijua desturi hiyo tangu azaliwe. Basi na auitishe mkutano mwingine, wa kina mama peke yao, asubuhi ya maji mafu, wakiwa wanasuka. Hilo halihitaji mradi wala posho.

Mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazotumia mali ya pamoja: malisho, mifereji ya maji, misitu, bahari. Wapo wasomi waliokuwa wakifundisha kwamba mali ya wote lazima iharibike, isipokuwa itwaliwe na serikali au auziwe mtu binafsi. Ostrom alikusanya mifano kutoka pande nyingi za dunia akaonyesha watu wa kawaida wakijiwekea kanuni zikadumu karne na karne. Na moja ya masharti aliyoyakuta kwenye jamii zilizofanikiwa ni hii: wale wanaobanwa na kanuni, wengi wao wana nafasi ya kuitunga na kuibadilisha. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shangazi na ungo wake wa mchele.

Mtu ataniambia: mtangazaji, haya ya mikutano ni mazuri, lakini mwizi wa usiku hangoji mkutano. Kweli. Bahari haina ua. Kuna wageni wa dago wanaotoka mbali, wanapiga kambi wiki mbili tatu wanavua na kuondoka, na hawakuwepo mwamba ulipofungwa. Doria inataka boti, boti inataka petroli, na petroli inataka fedha. Nawajua vijana waliolala ufukweni usiku kucha wakilinda mwamba, wakamkamata mtu, wakampeleka kunakohusika, na asubuhi wakamwona anapita mbele yao anatabasamu. Baada ya mara mbili za namna hiyo hakuna kijana atakayekesha tena.

Hapa sheria ndipo inapohitajika. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, tunavyoviita BMU, na Kenya ilitoa kanuni za BMU zake mwaka 2007. Zanzibar wana kamati za wavuvi za shehia. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikapitishwa, na faini ikawa faini ya kweli. Wavezo nao wana kitu wanachokiita dina: ni makubaliano ya wanakijiji wenyewe, yenye adhabu waliyoipanga wenyewe, na yakishathibitishwa na mahakama yanakuwa na nguvu ya kisheria. Naipenda dina kwa sababu inaanzia chini. Mahakama inakuja mwisho kuweka muhuri juu ya neno ambalo watu walikwisha kuambizana.

Bila mzizi huo, chombo kilichoundwa kutoka juu huondolewa kutoka juu. Tazama Uganda. BMU zilipewa nguvu ya kisheria kule mwaka 2003, zikaenea kwenye mialo ya ziwa Victoria na maziwa mengine. Nyingine zilifanya kazi, nyingine zililalamikiwa kwa rushwa na kwa kuwalinda wenye nyavu haramu. Mwaka 2015 Rais akazisimamisha, na mwaka 2017 wanajeshi wakapewa kazi ya kulinda ziwa. Nyavu na mitumbwi visivyotakiwa vikachomwa, na malalamiko ya wavuvi waliosema wamepigwa yakafika mpaka bungeni. Wapo waliosema sangara wameongezeka. Sitaki kubishana nao juu ya sangara. Ninachouliza ni kama mvuvi aliyefukuzwa na askari atamfundisha mwanawe kuacha samaki wachanga siku ambayo askari hayupo.

Turudi pwani, Kilifi. Pale Kuruwitu wazee waliona samaki wanakwisha, wakajadiliana kwa muda mrefu, na mwaka 2005 wakatenga hekta 30 hivi za bahari yao wasivue kabisa. Hawakusema miezi mitatu. Walisema hapa tumepaacha. Kilikuwa kitendo cha kwanza cha aina yake Kenya kufanywa na jamii yenyewe, na mwaka 2017 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Matumbawe yalirudi, samaki walirudi, na majirani wakaenda kujifunza. Lakini fikiria ile miaka ya mwanzo, mtu anapita kila siku mbele ya maji aliyozoea kuvua, watoto wana njaa, na hakuna mizani ya kumwonyesha kitu. Subira ile haikutoka kwenye bango la marufuku. Ilitoka kwa mzee aliyesema neno mbele ya wenzake, na hangeweza kulivunja akaendelea kuketi nao barazani.

Siku ya kufungua mwamba kijijini kwa shangazi nilikuwapo. Ilikuwa bamvua kubwa. Maji hayajapwa hata nusu, wazamiaji walikwisha kufika na vyombo, wengine kutoka vijiji vya mbali, wakazama na kuibuka, wakazama na kuibuka. Mwamba ulipotokeza na kina mama wakashuka na mapakacha yao, walikuta matundu yamechokonolewa na mawe yamepinduliwa. Kwenye mizani ufukweni kilo zilikuwa nyingi kweli, na wageni walipiga picha. Shangazi alirudi na pweza mmoja. Alikuwa mkubwa, lazima niseme, sikuwahi kumwona na mkubwa vile.

Kabla ya kufunga mara ya pili kamati iliitisha mkutano, na safari hii waliwafuata kina mama mmoja mmoja majumbani. Shangazi alikwenda na mchokoo wake. Hakusimama kuhutubia. Alichutama mchangani mbele ya wanaume, akachora mwamba kwa ncha ya mchokoo: hapa tunapotembea sisi, hapa mnapozama nyinyi, na hapa katikati. Akapiga mstari uliokata pande zote mbili. "Fungeni nusu yetu na nusu yenu," alisema. "Na siku ya kufungua, vyombo vingoje nje mpaka wa miguu washuke." Pakawa kimya. Kisha mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi, akasogea akachutama kando yake, akamwomba achore tena, polepole.